Child Migrants Trust: huduma ya kuwatafutia ndugu watoto waliosafirishwa na Uingereza

Mtoto aliyetolewa Uingereza bila wazazi baada ya Vita Kuu ya Pili, katika mpango wa kuhamishia watoto ng'ambo, na kupelekwa makao ya watoto ya Bindoon au Pinjarra, Australia Magharibi, leo ni mzee. Wengi wao waliambiwa wazazi wamekufa, ilhali mama yuko hai. Baadhi walibadilishiwa majina na hata tarehe za kuzaliwa. Ndiyo maana kumtafutia ndugu mtu wa namna hii si sawa na kutafuta ukoo kwa kawaida, na ndiyo maana tunaipa huduma ya Child Migrants Trust alama za juu.

Taasisi hii ilianzishwa mwaka 1987 na Margaret Humphreys, afisa ustawi wa jamii wa Nottingham. Ina ofisi pia Perth na Melbourne, na anayehudumiwa halipi kitu.

Ubora wake unaonekana kwenye kazi ya kupekua nyaraka. Cheti kifupi cha kuzaliwa, kilichoanza kutolewa 1947, hakionyeshi majina ya wazazi, kwa hiyo hakifai. Kinachotakiwa ni cheti kamili, chenye jina la mama na mahali alipokuwa akiishi. Rejesta za Uingereza za miaka ile zimepangwa kwa robo mwaka, kwa hiyo tarehe ikiwa imekosewa kwa miezi mitatu tu, mtafutaji anapekua robo ambayo mtoto hayumo. Ni lazima robo za jirani nazo zipekuliwe, tena kwa kila jina alilowahi kuitwa. Jina la mama likipatikana, inafuata faharasa ya ndoa, kwa sababu huenda aliolewa baadaye akabadili jina. Faharasa hiyo huonyesha jina la ukoo la mwenzi tangu 1912. Ukishapata jina jipya, rudi kwenye rejesta za kuzaliwa: kila mtoto mwenye jina la ukoo la mume na la ujanani la mama anaweza kuwa mdogo wa huyo anayetafutiwa ndugu. Mama akiwa na jina la kawaida kama Mary Smith, orodha huwa ndefu mno, na hapo ile anwani ya kwenye cheti ndiyo inayookoa.

Wapo wanaoweza kufanya haya wenyewe. Wanapoharibu ni kwenye kuwasiliana. Huenda mama hakumwambia mumewe wala wanawe kwamba aliwahi kuzaa kabla yao, na barua ikifunguliwa na mtu mwingine nyumbani, mlango unafungwa. Hapa ndipo afisa ustawi anapohitajika: awe mtu wa kati, na atoe ushauri nasaha kwa pande zote mbili kabla hawajaonana na baada.

Upande wa fedha haujatukalia vizuri, na lawama ni ya serikali. Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliomba radhi Februari 2010 na kutenga pauni milioni 6 za kuwawezesha kusafiri kuonana na ndugu. Fidia ya pauni 20,000 ilianza kulipwa 2019 tu, baada ya tume ya uchunguzi wa unyanyasaji wa watoto kingono kuishinikiza serikali. Hailazimu kuthibitisha kwamba ulidhulumiwa, na hilo ni jambo la heshima kubwa. Lakini inamhusu aliyekuwa hai tarehe 1 Machi 2018. Akifa baada ya hapo, warithi wake wanaweza kudai. Aliyekufa mwezi mmoja kabla, familia yake haipati kitu. Kwa watu walioibiwa utoto mzima, mpaka huo ni mkatili.

Anayetaka kuanza aende na jina la makao aliyokulia, mwaka aliofika, jina la meli kama analikumbuka, na picha yoyote ya pamoja ya watoto. Na kabla ya kukata tiketi ashughulikie pasipoti, maana wapo walioishi Australia miaka mingi, wakaja kugundua siku ya kuomba pasipoti kwamba hawakuwahi kuwa raia.