Kanula tatu mezani: ipi nimwekee mgonjwa wangu?

Karibuni tena watazamaji wangu, hasa manesi wenzangu wa Kanda ya Ziwa, na ninyi mnaouguza ndugu zenu wodini. Leo nina kanula, yaani vijirija vinavyoingizwa kwenye mshipa, za aina tatu, zote za kuwekea dripu mkononi. Hakuna kampuni iliyonipa, nimenunua mwenyewe kwenye duka la vifaa tiba hapa mjini Mwanza.

Kabla sijafungua pakiti, tuelewane kwanza kwenye rangi, maana hizo hazibadiliki hata kampuni ikibadilika. Geji ni namba ya unene wa kanula: njano ni geji 24, bluu 22, pinki 20, kijani 18, kijivu 16, na ya chungwa 14. Namba ikipanda, kanula inakuwa nyembamba zaidi. Ya kijani inapitisha takriban mililita 90 za maji kwa dakika, ya bluu kama 35. Sasa mama anavuja damu baada ya kujifungua, au kijana wa bodaboda kaletwa amegongwa, wewe unamwekea ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wako? Huyo anahitaji ya kijivu au ya chungwa, tena mbili, mkono huu na huu. Mtoto wa selimundu, na huku kwetu tunao wengi, mishipa yake imeshachomwa mara nyingi. Huyo mpe ya njano, na umpe muda.

Haya, ya kwanza. Hii mnaifahamu wote: ina mabawa mawili, na juu ina kifuniko kidogo cha rangi, ambacho ukikifungua unapitishia dawa hapo kwa bomba. Bei yake ni nafuu na kila kituo kinayo. Kwa dawa za kila baada ya saa kadhaa, kama atesuneti ya malaria kali, kifuniko hicho kinarahisisha kazi. Lakini tazameni hapa, nasogeza kwenye kamera. Nikikifungua, kuna kijishimo ndani. Damu na dawa hubaki humo, na pamba ya spiriti haifiki vizuri. Wodini utakuta kifuniko kimeachwa wazi, au kimeanguka shukani kikarudishwa hivyo hivyo. Hiyo ni njia ya vijidudu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Kwangu mimi hiyo ni kasoro kubwa.

Ya pili haina kifuniko juu. Ina mrija mfupi ulioungwa kabisa, wenye klipu ya kufungia, na bomba la dawa unaliunganisha kule mwisho wa mrija. Nafuu yake ni hii: ukichoma dawa, kanula yenyewe haitikisiki ndani ya mshipa, na damu haikumwagikii. Plastiki yake ni poliyurethani, ambayo hulainika ikipata joto la mwili, kwa hiyo haikwaruzi mshipa kama plastiki ya Teflon iliyo ngumu kidogo.

Halafu angalieni ninavyochomoa sindano ya ndani, ile inayotoboa mshipa kisha inatolewa na kuacha mrija wa plastiki. Polepole... mmesikia huo mlio? Kibati kidogo kimeruka kikafunika ncha yenyewe, sikubonyeza chochote. Nesi wa zamu ya usiku, taa hafifu, mgonjwa anarusha mkono kwa homa: hapo ndipo tunapochomwa. Ukichomwa, inabidi uanze dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na homa ya ini B nayo ipo. Ndiyo, hii ni ghali zaidi, na najua bajeti za vituo vyetu. Ila wanaoagiza vifaa nawaomba wahesabu na gharama ya mtumishi aliyechomwa.

Jambo moja kwa zote mbili: sindano ukishaivuta nyuma, usiirudishe ndani. Inaweza kukata kipande cha plastiki kikaondoka na damu. Chukua kanula mpya.

Ya tatu ni hii ya kipepeo, sindano ya chuma. Inafaa kutolea damu au kuchoma dawa mara moja, basi. Kwa dripu ya usiku mzima siipendekezi, chuma kinatoboa mshipa mgonjwa akigeuka tu.

Mgonjwa akisafirishwa kutoka kisiwa cha Ukerewe kuja Hospitali ya Bugando hapa Mwanza, anakaa muda mrefu kwenye chombo cha majini, anatoka jasho, na plasta inabanduka. Mfungieni kwa plasta ya kuonyesha ndani, ngozi ikiwa kavu, ili anayempokea aone pale sindano ilipoingia. Na ninyi ndugu wa mgonjwa, mkiona pamevimba, pamekuwa pekundu, au analalamika panauma, mwiteni nesi hapo hapo, hata kama dripu bado inatembea.

Zile ndefu za mkono wa juu, zinazowekwa kwa kuangalia mshipa kwenye ultrasaundi, zinahitaji mtu aliyefundishwa. Nikipata ya kufungua hapa mezani, nitawaletea.