Kemu ya kuvuta au kemu ya kasi kwa V-twin ya Nairobi

Mwenye pikipiki ya Harley ya injini ya Twin Cam (V-twin, yaani silinda mbili zilizopangwa kama herufi V) akitaka kubadilisha kemshafti, au kemu, mhimili unaofungua na kufunga vali, fundi atamuuliza: unataka nguvu kwenye mizunguko ya chini au ya juu?

Kemu ya kuvuta hufunga vali ya kuingiza hewa mapema. Pistoni ikipanda, hewa haipati mwanya wa kurudi ilikotoka, na injini inavuta kuanzia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Kemu ya kasi huifunga kwa kuchelewa: chini inalegea, juu inaamka. Mlio wake pikipiki ikiwa imesimama ni mtamu, hilo sibishi.

Ila mlio haupandishi mtu mlima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, kwa hiyo mgandamizo ndani ya silinda tayari uko chini. Weka kemu ya kuchelewa bila kupandisha uwiano wa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni huibana hewa), na foleni ya Waiyaki Way itakuchosha kwa kushusha gia. Mimi ningechukua ya kuvuta bila kusita. Anayependa kufungua mafuta Thika Road ana hoja yake, lakini ahesabu pia bei ya springi za vali, maana kemu za kuinua vali sana hazipatani na za kiwandani.

Kwa injini za 1999 hadi 2005, fundi akishafungua, akague viatu, yaani vipande vya plastiki, vya kukaza cheni za kemu. Huliwa, na vipande vyake huishia kwenye oili.