Chumba cha uhalisia pepe cha aina ya CAVE: kikague kwenye kona kwanza

Chumba cha CAVE, ambamo picha za kompyuta huonekana kupitia miwani maalumu kama vitu vyenye kina, kilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1992, na sura yake ya msingi haijabadilika sana: kuta tatu za skrini, kila moja mita 3 hivi, zinazomulikwa na projekta kwa nyuma, na sakafu inayomulikwa kutoka juu. Kwa kuchunguza protini au tabaka za miamba, kinafaa kwelikweli. Unaizunguka molekuli kwa miguu yako, unainama kuchungulia mikunjo yake kwa chini, na mwenzako unamwona mzima, hadi kidole anachokuonyeshea.

Ila kidole hicho kitakupotosha. Picha hukokotolewa kwa ajili ya macho ya mtu mmoja tu, yule ambaye kamera zinafuatilia miwani yake. Wewe uliye hatua moja kando unaiona imepinda, na atomu anayoigusa yeye kwako ni nyingine kabisa. Onyeshaneni kwa mshale wa mwanga unaochorwa na programu kutoka kwenye rimoti. Huo umo ndani ya picha yenyewe, hivyo hugusa atomu ileile kwa kila mtu.

Uzima wa chumba hujulikana pale ukuta unapokutana na sakafu. Ziache projekta nusu saa zipate moto, fungua mchoro wa mistari iliyonyooka, kisha vaa miwani inayofuatiliwa. Mstari ukikatika kwenye kiungo na kubaki hivyo popote usimamapo, projekta imesogea. Ukiungana vizuri lakini ukapinda kama kiwiko, mfumo wa kufuatilia kichwa unakosea mahali ulipo. Ukikatika pale tu unapogeuza kichwa upesi, kompyuta za kuta hazibadilishi picha kwa wakati mmoja, na hapo kichefuchefu hakiko mbali.

Miwani ya betri hufunga na kufungua kila jicho mara 60 kwa sekunde. Betri ikidhoofu, picha hupepesa. Kina kikigeuka, cha mbali kikaja mbele, macho yamebadilishana zamu. Rekebisha kwenye programu. Saa ya mkononi inayong'aa nayo ivuliwe, kamera za infraredi huidhania alama ya kufuatilia. Na kama unapima umbali, ingiza nafasi kati ya mboni za mtumiaji, usiiachie programu ikisie.

Udhaifu mkubwa ni ukali wa picha. Pikseli 1,920 zikitandazwa kwenye mita 3, kila moja ina upana wa milimita 1.6: maandishi madogo hayasomeki. CAVE2 ya mwaka 2012 ilijibu hilo kwa skrini bapa 72 zilizopangwa kwa duara, lakini sakafu yenye picha ikapotea, na fremu nyembamba zinaonekana kati ya skrini.

Kwa mtafiti anayetazama data peke yake, miwani ya uhalisia pepe ya kuvaa kichwani, yenye skrini zake ndani, inatosha. Chumba ni cha wanaobishana juu ya umbo moja, wakiwa watatu au wanne, na soksi safi miguuni, maana sakafu ile nayo ni skrini.