ThinkPad T480 iliyotumika: nzuri kwa Windows na Linux pamoja, ila anza na fimwea

Kwa mtu wa Arusha au Moshi anayetaka Windows na Linux kwenye mashine moja, ThinkPad T480 ya mtumba bado inastahili kununuliwa. Ni ya mwaka 2018, ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, na Wi-Fi yake ya Intel hutambuliwa na Linux bila kutafuta draiva. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine) kazi haifi. Hilo peke yake ni sababu ya kuichagua.

Matatizo yake yako kwenye fimwea, yaani programu zilizoandikwa ndani ya chipu kama BIOS, na mawili unaweza kuyagundua ukiwa bado dukani. Washa, bonyeza Enter alama ya Lenovo ikitokea, kisha F1. Ikidai nenosiri, usiichukue. Nyingi zilikuwa za makampuni, na nenosiri la msimamizi linakaa kwenye chipu yake; kuchomoa betri ndogo ya saa hakulifuti, hata fundi akikuhakikishia. Pili, jaribu chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, maana mashine hii haina tundu lingine la chaja. Fimwea ya zamani ya Thunderbolt, teknolojia ya kasi inayopita kwenye tundu la USB-C, huandika data kwenye chipu yake mpaka inajaa. Hapo kuchaji kunasuasua, na picha haiendi tena kwenye skrini ya nje. Chipu ikishajaa, mara nyingi inabidi fundi aiandike upya kwa kifaa maalumu au ubao mama ubadilishwe.

Kwa hiyo usiifute Windows iliyokuja nayo. Fungua Lenovo Vantage, programu ya Lenovo ya masasisho, sasisha BIOS kwanza, kisha Thunderbolt. Kazi hii ni rahisi zaidi ndani ya Windows, kwa sababu kwenye Linux kidhibiti cha Thunderbolt mara nyingi kinakuwa kimelala na hakionekani. Chomeka chaja na hakikisha betri zina chaji, la sivyo kisasishaji kitakataa kuanza. Mashine inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja huku skrini ikiwa nyeusi. Iache.

Kabla ya hapo shughulikia BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Nakili tarakimu 48 za ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi andika `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`. Bila ile sifuri ya mwisho, ulinzi hurudi baada ya kuwasha mara moja tu, na mashine iliyobadilishwa fimwea itakudai ufunguo. Uache ulinzi umesimama mpaka Linux iingie, ndipo uurudishe kwa `manage-bde -protectors -enable C:`.

Sasa Linux. Kati ya matoleo yake, faili la kupakua la Linux Mint ni takribani GB 3 na la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, tofauti inayouma kwa anayetumia bando. Mint inatosha kabisa hapa. Flashi ya GB 8 inafaa kuandikia faili hilo. Punguza patisheni (sehemu ya diski) ya C ukiwa ndani ya Windows, usiiachie programu ya kusakinisha Linux. Zima usingizi mzito wa Windows (hibernation) kwa `powercfg /h off`, kwa sababu Windows iliyolala huacha diski ikiwa imefungwa, na Linux haitakubali kuandika humo. Kisha washa upya ukibonyeza F12, chagua flashi.

Linux ikisakinishwa vizuri lakini Windows ikaendelea kuwaka peke yake, usirudie kusakinisha. Ingia BIOS, sehemu ya Startup, uzime Boot Order Lock: ikiwa imewashwa, Linux haiwezi kujiandikisha kwenye orodha ya kuwasha. Baadaye, ukiwa ndani ya Linux, BIOS mpya utazipata kwa `fwupdmgr refresh` na `fwupdmgr update`, mradi Windows UEFI Firmware Update iwe imewashwa kwenye sehemu ya Security. Patisheni ya EFI ya Windows, yenye faili za kuwashia, mara nyingi ni MB 100 tu, na ikijaa sasisho litagoma.

Ukirudi Windows utakuta saa imebaki nyuma kwa saa 3. Linux huweka saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa yetu ya Afrika Mashariki. Andika `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye Linux.