TV imekufa na bajeti ni ndogo: ipi ununue, ipi uikimbie

Kabla hujaenda dukani, zima taa za sebuleni, washa TV yako mbovu na uchukue tochi ya simu. Kama sauti inatoka ila kioo ni cheusi tii, sogeza tochi karibu kabisa na kioo, mulika kwa mshazari, kisha uchungulie. Ukiona watu wanapita kama vivuli na maandishi yanasomeka kwa shida, kioo chako ni kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma, zile stripu za LED zinazokimulika kwa ndani, na fundi huziagiza kwa namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni mwa TV. Mwambie abadilishe stripu zote, si ile moja iliyoungua. Zilizobaki zina umri uleule, nazo zitafuata.

TV isiyowaka kabisa nayo ina matumaini, maana mara nyingi tatizo huwa kwenye bodi ya umeme. Mistari ya wima ni kamari: inaweza kuwa bodi ndogo inayoendesha kioo, inaweza kuwa kioo chenyewe. Kioo kikipasuka, usijisumbue. Ndicho kipuri ghali kuliko vyote, na bei yake hukaribia ya TV nzima. Kipimo changu ni hiki: gharama ya fundi ikivuka theluthi ya bei ya TV mpya ya ukubwa huohuo, pesa hiyo iende dukani.

Sasa tuseme fundi ameinua mikono. Nimepanga hapa kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu hadi ile ambayo ningemshika mkono asiinunue.

1. Inchi 43, toleo la mwaka jana

Kioo cha inchi 43 kina eneo kubwa kwa karibu asilimia 80 kuliko cha inchi 32. Hiyo ndiyo tofauti ambayo kila mtu nyumbani ataiona siku ya kwanza, bila kuelezwa. Kampuni hubadilisha modeli kila mwaka, na kwa TV za bei ya chini mara nyingi kilichobadilika ni namba ya modeli na umbo la miguu tu. Ile ya mwaka jana inapunguzwa bei ili itoke stoo. Iulizie kwa namba ya modeli, maana muuzaji atakuonyesha kwanza mpya.

Kuhusu 4K, yaani picha yenye pikseli (vinukta vya picha) mara nne ya Full HD: kwa inchi 43, ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi, jicho la kawaida halitenganishi tena pikseli za Full HD. Kwa hiyo 4K ikija kwa bei ileile, ichukue. Usiiongezee pesa.

Kinachostahili kuulizwa, na karibu hakuna anayekiuliza, ni aina ya paneli, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha. Paneli ya VA hutoa weusi mzito. Uwiano wake wa mwanga na giza huanzia kama 3000 kwa 1, wakati wa IPS ni karibu 1000 kwa 1, na usiku ukizima taa tofauti hiyo unaiona waziwazi. Lakini VA hupauka ukiitazama ukiwa upande. Kama watu wa nyumbani kwako hukaa wameizunguka sebule, wengine karibu na mlango, wengine sakafuni, IPS itawatendea haki wote. Muuzaji akikosa jibu, simama pembeni kabisa ya kioo na utazame nyuso za watu. Zikigeuka za kijivu, hiyo ni VA.

Halafu kuna maneno ya kwenye boksi, ambayo ndiyo hula bajeti za watu. HDR, yaani picha zenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, ikiandikwa pale maana yake TV inapokea picha za aina hiyo. Kuzionyesha inavyopasa ni habari nyingine, kwa kuwa filamu nyingi za HDR hutengenezwa kwa mwangaza wa niti 1000 au zaidi, na TV za bei ya chini nyingi huishia niti 250 au 300. Namba kubwa kubwa za mwendo wa picha, kama 400 au 800, ni za idara ya matangazo. Kioo cha bei hii ni cha Hz 60 au hata 50, yaani hubadilisha picha mara 60 au 50 kwa sekunde. Nayo QLED ni LCD ileile inayomulikwa na taa za nyuma, iliyoongezewa tabaka la kuboresha rangi; haina undugu na OLED, ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, zaidi ya kufanana majina.

Usisahau meza. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, na nyingi siku hizi zimewekewa miguu miwili iliyokaa kwenye ncha, mmoja huku na mwingine kule. Stendi iliyobeba TV yako ya zamani kwa mguu wa katikati inaweza isitoshe. Pima kwanza, au panga kuitundika ukutani.

2. Inchi 32 ya kawaida, pamoja na kijiti cha HDMI

Hii ni kwa chumba kidogo, au kwa mfuko uliobana kweli. Kwa ukubwa huu, pikseli 1366 kwa 768 zinatosha ukikaa mita 1.8 au zaidi, kwa hiyo Full HD isikunyime usingizi. Nunua isiyo janja, kisha pesa iliyobaki inunue kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI ili upate programu za video. Sababu ni kwamba akili ya TV huzeeka haraka kuliko kioo chake. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, ilhali vioo vyake vilikuwa bado vizima. Kijiti kikizeeka unakitupa na kununua kingine. TV ya inchi 32 hutumia umeme kidogo pia, mara nyingi chini ya wati 50, jambo lenye uzito kwa anayetegemea sola au betri.

3. Iliyotumika, ya kampuni nzuri

Ningeiweka ya pili kama si kwamba inadai macho makali na muda. Muuzaji anayekupa dakika tano tu uachane naye. Itazame ikiwaka kwa nusu saa nzima, kwa sababu hitilafu nyingi za bodi hujitokeza vifaa vikishapata moto. Nenda na flashi yenye picha mbili, moja nyeupe tupu na nyingine nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta madoa ya duara yanayong'aa kuliko sehemu nyingine: hizo ni lenzi ndogo zilizobanduka kutoka kwenye taa za nyuma. Tafuta pia maeneo yenye kivuli, dalili kwamba baadhi ya taa zimeshakufa. Kwenye nyeusi tazama kona kama mwanga unavuja. Chomeka kitu kwenye kila tundu la HDMI, moja baada ya jingine, na ujaribu rimoti yenyewe, si ya kuazima.

OLED iliyotumika inavutia, hasa bei yake ikishuka, lakini nembo ya stesheni iliyokaa kona moja kwa miaka huweza kuchapa alama isiyofutika. Plasma, aina ya zamani ya TV bapa, usiiguse hata ukipewa bure. Inakula umeme mara kadhaa zaidi ya LED ya ukubwa wake, na kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza kufikia 2014, kwa hiyo vipuri utavitoa wapi?

4. Inchi 55 ya jina usilolijua

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Ukubwa mkubwa, bei ya kushangaza, na muuzaji ameifungulia video ya maua yanayong'aa. Bei hiyo haikushuka kwa huruma. Taa za nyuma zimewekwa chache na zinasukumwa kwa nguvu zote, plastiki ni nyembamba, na mfumo wake mara nyingi ni Android isiyo na idhini ya Google, hivyo baadhi ya programu za filamu hukataa kufunguka au huonyesha picha ya kiwango cha chini. Ikiharibika, stripu za modeli hiyo hakuna anayeziuza. Kwa pesa hiyohiyo, inchi 43 nzuri ni bora kuliko 55 ya kubahatisha, na sitabadilisha msimamo huo.

Kabla ya kulipa

Hakikisha inapokea mawimbi ya mahali ulipo. DVB-T2, ATSC na ISDB-T ni mifumo tofauti ya kurushia matangazo ya TV, na TV iliyoletwa kutoka bara lingine inaweza isikamate hata stesheni moja kwa antena. Soma pia volti mgongoni: 100 hadi 240 ndiyo salama popote. Angalau tundu mbili za HDMI, mojawapo iwe na ARC (inayotoa sauti ya TV kwenda spika za nje), kwa sababu spika za TV nyembamba hutazama chini na kuna siku utataka kuongeza saundiba. Waranti iwe na muhuri na namba ya TV yenyewe, si karatasi tupu.

Itolewe kwenye boksi na kuwashwa mbele yako. Safarini ibebwe imesimama, isilazwe hata kama gari lina nafasi, maana kioo kikilala huweza kupasuka kwa mtikisiko. Ukifika, ingia kwenye mipangilio uitoe kwenye hali ya dukani, kisha shusha mwanga wa nyuma kutoka 100 hadi 60 au 70. Siku mbili za kwanza utaiona kama imefifia, halafu macho yatazoea, na stripu zitadumu zaidi. Boksi usilitupe hadi waranti iishe.