Chernobyl: vitu vinasema kweli, watu wanaigizwa

Nimeitazama Chernobyl mara mbili. Mara ya kwanza niliimaliza kwa jioni mbili, kama mtazamaji yeyote aliyenaswa. Mara ya pili niliitazama polepole, rimoti mkononi, huku pembeni nimefungua ripoti ya mwaka 1992 ya wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki kuhusu chanzo cha ajali. Tamthilia hii ya sehemu tano ilitolewa mwaka 2019 na HBO kwa kushirikiana na Sky, ikiwa imeandikwa na Craig Mazin na kuongozwa na Johan Renck. Inasimulia mlipuko wa kinu namba 4 cha mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, karibu na mji wa Pripyat nchini Ukraine, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Mlipuko ulitokea saa saba na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Tamthilia ilizoa tuzo 10 za Emmy, na kwa upande wa ufundi sioni hata moja iliyotolewa kwa upendeleo. Ninachokipima hapa ni jambo jingine: mtu anayetaka kujua kilichotokea usiku ule aiamini kwa kiasi gani?

Nitangulize jibu langu. Aamini anachoonyeshwa kuliko anachoambiwa. Kila kinachoweza kushikwa kwa mkono kimetengenezwa kwa uaminifu wa kushangaza, lakini namna watu wanavyozungumza, wanavyotishana na wanavyokutana ndipo mwandishi alipojipa uhuru mkubwa, na kasoro ni kwamba uaminifu wa vitu ndio unaotufanya tuyameze maneno bila kuuliza.

Sehemu kubwa ya picha ilipigwa Lithuania. Mtambo wa Ignalina, uliokwisha kufungwa na wenye vinu vya jamii ileile ya RBMK, aina ya kinu cha Kisovieti, ulitumika kama Chernobyl, na mtaa wa Fabijoniškės jijini Vilnius, uliojengwa enzi za Kisovieti, ukavishwa sura ya Pripyat. Mtunzi wa muziki, Hildur Guðnadóttir, alitumia sauti zilizorekodiwa ndani ya mtambo huo, akazifinyanga zikawa muziki, kiasi kwamba mara nyingi mtazamaji hawezi kujua kama anasikia ala au mashine inayougua. Simu za mezani, karatasi za ukutani, miwani minene na kofia nyeupe za wafanyakazi wa chumba cha udhibiti havikuwekwa ili visifiwe. Vipo tu, vimechakaa kama vinavyochakaa vitu vya watu. Hata uamuzi wa kuwaacha waigizaji waseme Kiingereza chao cha kawaida, bila kulazimisha lafudhi ya Kirusi, ulikuwa wa busara, kwa kuwa lafudhi ya kuigiza ingewageuza wote vikaragosi.

Mfano bora wa uaminifu huo ni kipima mionzi cha sehemu ya kwanza. Chini ya ardhi, katika chumba cha dharura, mkurugenzi Bryukhanov na mhandisi mkuu Fomin wanaletewa taarifa kwamba kipimo ni rontgeni 3.6 kwa saa, nao wanapumua. Kumbe hicho ndicho kikomo cha vifaa vilivyokuwapo: mshale umegota mwisho wa mstari na hauna pa kwenda, na wakubwa wameuchukua mwisho wa kifaa kuwa ndio mwisho wa hatari. Jambo hilo halikubuniwa. Vifaa vyenye uwezo mdogo vilikuwapo usiku ule, na namba hiyo kweli ilipanda ngazi za uongozi ikiwa kama habari njema. Mwandishi hakulazimika kuongeza chumvi, na hiyo ndiyo sababu tukio hilo linauma kuliko vitisho vyote vinavyofuata.

Katika daraja hilohilo naliweka tukio la paa katika sehemu ya nne. Vipande vya grafiti kutoka ndani ya kinu, vilivyorushwa na mlipuko, vilitapakaa juu ya paa, mashine za kuendeshwa kwa mbali zikashindwa kufanya kazi katika mionzi ile, na askari wakapelekwa kwa zamu za kuhesabiwa kwa sekunde, kila mmoja na koleo lake. Kamera inamfuata askari mmoja kwa sekunde 90 bila kukata. Tunasikia pumzi yake ndani ya kinyago na mlio wa kipima mionzi, tunamwona akijikwaa, mguu unanasa kwenye kifusi, na anaporudi ndani anagundua kuwa kiatu kimepasuka. Mkubwa wake anamwambia kwamba kazi yake imekwisha. Basi. Hakuna hotuba wala machozi, na mtazamaji anabaki akikikodolea macho kiatu. Tamthilia yote ingekuwa hivi, tathmini yangu ingeishia hapa.

Lakini chukua Anatoly Dyatlov, naibu mhandisi mkuu aliyesimamia jaribio la usalama la usiku ule. Paul Ritter anamwigiza kwa ustadi mkubwa kama jabari anayerusha makaratasi, anayewatukana vijana na kumtisha kila anayesita. Kwamba Dyatlov alikuwa mkali, hata waliofanya kazi naye walisema. Tatizo ni kwamba tamthilia inataka tuamini kuwa ukali huo ndio ulioukimbiza mtambo kuelekea mlipuko, na kwamba kitufe cha dharura, AZ-5, kilibonyezwa katika taharuki wakati nguvu ya kinu imekwisha kupaa. Ripoti ya mwaka 1992 haisemi hivyo. Wataalamu hawakuweza kuthibitisha kwa nini kitufe kilibonyezwa, na kumbukumbu za vifaa hazikuonyesha dalili ya hatari iliyokilazimisha. Dyatlov mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 1995, alishikilia kwamba kilibonyezwa kwa utulivu ili kukizima kinu baada ya jaribio. Ripoti hiyo ilihamisha uzito mkubwa wa lawama kutoka kwa waendeshaji kwenda kwenye muundo wa kinu na utamaduni mzima wa usalama. Ikiwa ndivyo, hadithi inatisha zaidi, kwa kuwa maangamizi hayakuhitaji jabari yeyote chumbani. Yalihitaji tu watu wa kawaida, walioficha kasoro wakiwa mbali sana na chumba kile, na kitufe cha kuokoa kilichokuwa na sumu ndani yake.

Sumu hiyo yenyewe tamthilia inaieleza vizuri kuliko maandishi mengi niliyosoma. Katika sehemu ya tano, Valery Legasov, mkemia wa Taasisi ya Kurchatov anayeigizwa na Jared Harris, anasimama mahakamani na vibao vya rangi mbili: vyekundu kwa kila kinachoongeza nguvu ya kinu, vya buluu kwa kila kinachoipunguza. Anavipachika kimoja kimoja. Fito za boroni, zinazoshushwa ndani ya kinu ili kukidhibiti, zinapunguza. Maji yanayogeuka mvuke, katika kinu cha aina hii, yanaongeza. Gesi ya zenoni iliyojikusanya wakati nguvu iliposhuka mno inapunguza, na ili kuishinda, waendeshaji wamezichomoa karibu fito zote. Kisha linakuja jambo la mwisho: ncha za fito hizo ni za grafiti, na zinaporudishwa zote kwa mkupuo, kinachotangulia kuingia chini ya kinu ni grafiti inayosukuma maji pembeni na kuchochea moto uleule uliotakiwa kuzimwa. Mtu ambaye hajawahi kusoma fizikia anaelewa. Ningemwonyesha kipande hicho mwanafunzi yeyote wa sekondari.

Na bado, Legasov hakuwapo mahakamani. Kesi ilifanyika Julai 1987 katika mji mdogo wa Chernobyl, na Bryukhanov, Fomin na Dyatlov walihukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Ila Legasov na Boris Shcherbina, naibu mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri anayeigizwa na Stellan Skarsgård, hawakuhudhuria. Legasov alitoa maelezo marefu kweli, ya takriban saa tano, lakini ilikuwa Vienna, Agosti 1986, mbele ya wataalamu wa kimataifa, na huko taarifa ya Kisovieti iliwabebesha waendeshaji mzigo huku kasoro za kinu zikiwekwa kivulini. Naelewa kwa nini mwandishi alimhamishia mahakamani: mtu mmoja, chumba kimoja, ukweli unasemwa mbele ya wenye mamlaka. Hata hivyo ni ufundi wa tamthilia za mahakama, na unatupa faraja ambayo historia haikutoa. Kifo cha Legasov nacho kimenyooshwa. Tamthilia inafungua kwa kumwonyesha akijiua katika dakika ileile ya mlipuko, miaka miwili kamili baadaye, katika nyumba asimoishi mwingine ila paka. Legasov wa kweli alikuwa na mke na watoto, na tarehe inayotajwa kwa kawaida ni 27 Aprili 1988, siku iliyofuata kumbukumbu. Sijui tofauti ya siku moja ingempunguzia nini mtazamaji, na kuifuta familia nzima kwa ajili ya picha ya upweke ni jambo ambalo halikunikalia sawa.

Wachimba migodi wa Tula, Urusi, walioitwa kuchimba handaki chini ya kinu, wana tukio ambalo watu wengi hulipenda, nami nililipenda pia hadi nilipolichunguza. Waziri wa makaa ya mawe, kijana nadhifu ndani ya suti ya rangi hafifu, anawafikia akilindwa na askari wenye bunduki. Wanamkubalia, kisha wanapompita kila mmoja anampapasa kwa kiganja cheusi hadi suti inakuwa kama kanga iliyochapwa mikono. Picha nzuri sana. Lakini waziri wa kweli, Mikhail Shchadov, alizaliwa mwaka 1927 na mwenyewe alianzia maisha yake migodini. Viganja vya watu wale visingekuwa vigeni kwake. Tamthilia ilihitaji bwana mkubwa asiyejua jembe wala koleo, ikamtengeneza. Ni hivyohivyo kwa vitisho vya kupigwa risasi na kutupwa kutoka kwenye helikopta vinavyotolewa kila mara: katika Muungano wa Kisovieti wa mwaka 1986 ofisa hakuwa na haja ya bunduki ili atiiwe. Mazoea yalitosha, na mazoea ni magumu kuyaigiza.

Kuna makosa mengine ambayo nayapitia haraka. Helikopta iliyoanguka kando ya kinu ilianguka kweli baada ya rafadha yake kugonga kebo ya kreni, na wanne waliokuwamo walikufa, lakini ilikuwa Oktoba 1986 na si siku za mwanzo. Kwa kuisogeza na kuifunika moshi, mtazamaji asiyekuwa makini anadhani mionzi ndiyo iliyoiangusha. Mlipuko wa pili wa megatoni kadhaa unaotabiriwa katika sehemu ya pili hauwezekani kwa kinu kama kile. Na wazo kwamba kijusi cha mke wa mzimamoto kilifyonza mionzi ya mama yake na kumwokoa halina msingi katika sayansi ya tiba.

Kwa upande wa Ulana Khomyuk, anayeigizwa na Emily Watson, mimi ni mpole kuliko wakosoaji wengi. Hakuwahi kuwapo; amebuniwa awawakilishe wanasayansi wengi waliomsaidia Legasov, na tamthilia inalisema hilo waziwazi mwishoni. Ananichosha kidogo kwa jinsi kila mlango unavyomfungukia, leo hospitali, kesho ofisi ya Kremlin, lakini uongo unaojitaja si uongo tena. Ningetamani tu taarifa hiyo isingengoja zaidi ya saa tano.

Mazin, kwa haki yake, hakujificha. Kila sehemu ilitoka pamoja na podikasti ambamo anaeleza alichobadilisha na sababu zake, ikiwamo kesi na helikopta. Nashauri isikilizwe baada ya kila sehemu, si baada ya zote, kwa kuwa ukimaliza zote picha zimekwisha kukaa kichwani na hazitoki kirahisi. Kwa masharti hayo naipa nyota nne kati ya tano. Bila podikasti, tatu.

Nyota ya tano inapotelea kwenye maandishi ya kufungia. Hapo tunasoma kwamba, kinyume na ilivyovuma kwa miaka mingi, wafanyakazi watatu waliotumwa chini ya kinu kuyafungulia maji hawakufa kwa mionzi. Wote walipona, na wawili walikuwa hai tamthilia ilipotoka. Huo ni usahihishaji wa kupongezwa. Lakini katika mfululizo uleule wa maandishi tunasoma pia kwamba, kwa mujibu wa taarifa, hakuna aliyesalimika miongoni mwa watu waliosimama kwenye daraja la reli wakiutazama moto. Lisemwalo lipo, husema wahenga, ila hili halijathibitishwa na yeyote. Maneno "kwa mujibu wa taarifa" yamewekwa kama chandarua chenye tundu, baada ya sehemu ya kwanza kutuonyesha watoto wakicheza darajani chini ya majivu kwa mwendo wa polepole. Waliochunguza habari za wale watatu hadi wakaifuta hekaya moja walikuwa na uwezo uleule wa kuichunguza ya pili.