Vasa au dnd: ipi itumike kuzitambua seli za uzazi za perege?

Kwa anayechunguza perege wa Ruvu au Wami hapa Bagamoyo, jeni zote mbili, vasa na dnd (dead end), hufaa kwa sababu hufanya kazi ndani ya seli za uzazi, ila si kwa kazi moja.

Kwa gharama, vasa inashinda. Haijabadilika sana baina ya spishi, hivyo kingamwili (protini inayoshika shabaha moja) iliyotengenezwa kwa vasa ya samaki mwingine mara nyingi hushika. Hatari yake ni PL10, jeni ya ukoo huohuo inayofanya kazi hata nje ya tezi za uzazi. Weka praima (vipande vifupi vya DNA vinavyolenga jeni kwenye PCR) pale vasa na PL10 zinapotofautiana, na upime msuli kama kidhibiti, yaani sampuli isiyotarajiwa kuonyesha vasa. Dnd hutofautiana zaidi. Lazima kwanza usome mfuatano wa jeni hiyo kwa samaki wako. Lakini kwenye kiinitete ina uzito wa pekee: ikizimwa, seli za uzazi hutoweka na samaki hukua tasa, kama ilivyoonekana kwa samoni huko Norwei.

Utunzaji wa sampuli ni uleule kwa jeni zote mbili, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, maana RNA (nakala ya jeni inayopimwa) huoza upesi kwenye joto letu. Kipande cha tishu kisizidi unene wa milimita 5, kizamishwe mara moja katika RNAlater (kimiminika cha kuhifadhi RNA) yenye ujazo mara 5 ya kipande, kilale usiku kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kisha kihamie nyuzi -20.

Mwenye bajeti ndogo anayekagua korodani na ovari aanze na vasa. Anayelenga vifaranga tasa aigharamie dnd.